Picha Niliyoipeleka Gitambi

Niliamua kwenda Rusizi, wilaya ya mpakani, baada ya binti yangu Divine kukuta bahasha za dawa ndani ya droo. Ni zile bahasha ndogo za karatasi ambazo duka la dawa hutilia vidonge. Nyuma ya kila moja nilikuwa nimechora kitu kilekile kwa kalamu ya wino: kitanda cha hospitali. Divine alizipanga mezani, zikawa kumi na tisa. Akaniuliza nilizichora lini. Nikamjibu kwamba sikumbuki vizuri, labda nikiwa kwenye simu, labda nikisubiri maji yachemke. Hakucheka. Alisema tu kwamba ingekuwa vizuri niende kwa Odeta, rafiki yangu wa shule ambaye uzeeni ameanza kuchora.

Naitwa Konsolata. Nina umri wa miaka sitini na mitatu, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilifundisha biolojia katika shule moja ya Kigali. Nilichora moyo, figo na chura ubaoni, kisha kengele ikilia nafuta. Kabla ya hapo, nikiwa msichana Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ambako nililelewa kama watoto wengi wa Wanyarwanda wa wakati ule, nilichora kwa rangi. Masista wa lise, yaani sekondari yetu, walinipa kona ya chumba kilicho karibu na pa kufulia nguo, na picha zangu mbili zilitundikwa katika chumba cha wageni. Tuliporudi Rwanda, mimi na mume wangu Anselimu, palikuwa na nyumba ya kutafuta, kazi, na mtoto. Hakuna aliyenikataza kuchora. Niliacha jinsi mtu anavyoacha kumwandikia rafiki aliyehama, leo hujaandika, kesho hujaandika, mwishowe unaona aibu kuanza upya.

Anselimu alifariki miaka miwili iliyopita katika hospitali ya Kigali, kwa ugonjwa wa ini, baada ya miezi minane. Tangu hapo nilikuwa nalala vibaya. Daktari alinipima, hakuona kitu, akaniandikia vitamini. Ndiyo maana nilikuwa na bahasha nyingi.

Sababu ya pili ya safari sikumwambia Divine. Anselimu ana dada, Verediana, mkulima wa Gitambi, hukohuko Rusizi. Siku ya mazishi aliniuliza ndugu yake alikwendaje. Nikamjibu kwamba nilikuwa nimemshika mkono mpaka mwisho. Haikuwa kweli. Verediana alilishika jibu lile kwa mikono miwili. Kila mwisho wa mwezi alinipigia simu, tukazungumza habari za mvua na za watoto, na kabla ya kukata alisema maneno yaleyale: "Maman Divine, asante kwa kumushika mukono." Mwaka huu, kuanzia Pasaka, nilikuwa nimeacha kupokea simu zake.

Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi la Kamembe liliondoka kwa wakati. Ilikuwa mwezi wa Julai, kiangazi, na vilima vya kuelekea Muhanga vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye majani ya migomba. Nilibeba mfuko mmoja wenye nguo za siku kumi, miwani ya kusomea na sweta. Sikubeba rangi wala brashi kwa sababu sikuwa nazo. Jirani yangu kitini alikuwa mwanamke anayefundisha watoto wa chekechea Nyamasheke. Aliniuliza naenda kumwona nani. Nikasema rafiki wa shule, na mazungumzo hayakwenda mbali zaidi.

Saa nne na nusu tulisimama Huye kwa chai na maandazi. Baada ya Nyamagabe barabara ilianza kujipinda, na kabla ya saa sita tukaingia msitu wa Nyungwe. Abiria walifunga madirisha, kwa kuwa baridi ya mle inapenya hata kiangazi. Nimepita msitu ule mara nyingi. Zamani nilikuwa napita nikisahihisha karatasi za wanafunzi. Safari hii sikuwa na karatasi, nikatazama nje. Niliona kijani cheusi cha bondeni, kijani cha kijivu cha kuvu kwenye magome, na kijani cha njano pale jua lilipopenya, nikajikuta nafikiria ningechanganya nini na nini ili nikipate kila kimoja. Nilikuwa sijafikiri hivyo tangu lise. Mbega watatu walikuwa wameketi kando ya lami, mikia myeupe ikining'inia, na dereva alipunguza mwendo bila mtu kumwomba.

Baada ya msitu yakaja mashamba ya chai ya Gisakura, halafu ziwa upande wa kulia, linaonekana na kupotea. Saa nane mchana tulishuka Kamembe.

Odeta alikuwa akinisubiri kwenye stendi na mwavuli wa kujikinga na jua. Ni muuguzi mstaafu, mrefu, na sauti yake haijabadilika tangu tukiwa na miaka kumi na sita. Tulipokumbatiana alinitazama mikono kabla ya uso.

"Umechelewa miaka makumi tatu," alisema. "Kuya, tushuke."

Kutoka Kamembe hadi Cyangugu ni mteremko mrefu. Mji wa zamani uko chini kabisa, kwenye maji. Una nyumba za tangu enzi za Wabelgiji, kanisa, ofisi chache, mitumbwi, halafu kituo cha mpaka na daraja juu ya mto Rusizi. Ng'ambo ni Bukavu. Kutoka baraza ya Odeta naiona mitaa niliyotembea nikienda shule, na madirisha ya ghorofa yakiakisi jua la jioni. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya na samaki huvuka na kurudi siku ambazo mpaka uko wazi. Odeta anawafahamu wengi kwa majina. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alipohamia pale alikuwa akilia kila akiitazama Bukavu, na mwaka wa pili akaanza kuichora, na sasa anaichora hata bila kuitazama.

Asubuhi iliyofuata alinipa ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeupe ya ukutani, brashi tatu na mirija ya rangi iliyobanwa nusu. Alinipa pia aproni yake ya zamani ya hospitali. Nilichora ziwa. Nilifanya kazi saa tatu bila kuinuka, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua nne nikaona kwamba kila kitu kiko mahali pake na hakuna chochote hai. Odeta alikuja na chai.

"Hii ni karte ya jeografia," alisema. "Inakosa paka majina."

Alisema kweli, ilikuwa ramani iliyokosa majina tu. Ilikuwa kazi ya mwalimu. Mikono yangu ilijua kueleza, haikujua kingine. Siku ya pili nilichora tena, mitumbwi safari hii, na matokeo yakawa yaleyale. Jumatano walikuja wenzake wawili wa kuchora, mjane mmoja anayeuza vitenge Kamembe na mwanamke aliyewahi kuwa karani wa parokia. Wote wamepita miaka hamsini, na hakuna aliyewahi kufundishwa. Karani alichora mlango wa nyumba yao ya Bukavu, mlango tu, kwa rangi ya buluu iliyomwagika hadi ukingoni. Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu. Haukuwa na vipimo sahihi hata kimoja, na nilitaka kuufungua.

Siku ya nne niliomba ubao mdogo na nikakaa nikitazama ukuta badala ya ziwa. Nikachora kile ambacho mkono wangu ulikuwa umekichora mara kumi na tisa. Nilianza na kitanda cha chuma. Halafu shuka. Halafu Anselimu, jinsi alivyokuwa wiki ya mwisho, mashavu yameingia ndani, ngozi ya manjano, macho nusu wazi. Nilipofika kwenye kijivu cha kivuli cha shuka, machozi yakaanza kutoka. Sikuwa na huzuni zaidi ya kawaida. Yalitoka tu, kama makamasi yanavyotoka kwa baridi, nami nikawa nayafuta kwa kitambaa cha brashi na kuendelea. Baadaye Odeta aliniambia nina rangi usoni mpaka sikioni. Mwisho kabisa, karibu na kitanda, nilichora kiti cha mbao. Kilikuwa kitupu.

Odeta ni muuguzi, kwa hiyo alitazama kwanza kitanda na dripu niliyoichora kando yake.

"Serum umeiweka upande ya dirisha," alisema. "Sasa infirmier atapitia wapi?"

Kweli, muuguzi asingepata pa kupita, tukacheka. Kisha akatazama kiti, na akaacha kucheka. Ndipo nikamweleza. Siku aliyofariki, saa nane mchana, Anselimu alikuwa anapumua vibaya, na mimi nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri. Nilimwambia natoka dakika tano. Nikaenda kwenye bustani ya hospitali nikaketi kwenye benchi, na dakika tano zilipokwisha sikuinuka. Nilijua kinachoweza kutokea. Sikuinuka kwa sababu sikutaka kukiona. Niliporudi, saa tisa na nusu, walikuwa wameshamfunika. Nikamweleza pia nilichomwambia Verediana siku ya mazishi.

Odeta alikunja mikono.

"Mu opitali nilionaka ile mara mingi," alisema. "Muntu anatoka kidogo, na mugonjwa anaenda. Naweza kukuambia haiko kosa yako, lakini haitakusaidia. Haiko mimi ulidanganya."

Baada ya siku mbili rangi ilikuwa imekauka. Niliufunga ule ubao ndani ya kitenge, Odeta akanitilia mirija minne na brashi mbili katika kopo la biskuti, nikapanda gari la kwenda tambarare ya Bugarama. Njia ya kwenda kwa Verediana inaachana na barabara kuu kabla ya kufika chini. Gari liliposimama pale, watu wawili walishuka na mimi nikabaki kitini. Nilijiambia kwamba ni vizuri kwanza nipite Muganza, tulikoishi miaka ya mwanzo baada ya kurudi, Anselimu akiwa fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji. Ilikuwa sababu nzuri. Ilikuwa pia njia ya kuchelewa.

Muganza, saa tano, joto lilikuwa limeshakuwa kali. Ukitoka milimani unahisi kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Malori yaliyobeba mawe na saruji yanapishana, na migomba iliyo kando ya barabara ina vumbi la kijivu hadi mvua ije iioshe. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi mashamba ya mpunga yanaanza, mabichi, yamenyooka, hadi kwenye milima ya ng'ambo. Nyumba yetu ya zamani imepakwa rangi nyingine na ina watu wengine. Sikubisha hodi. Nilikwenda kwa jirani yetu wa zamani, Mzee Saidi, mkulima wa mpunga, ambaye Anselimu alifunga naye urafiki kwa sababu wote wawili walipenda redio.

Mzee Saidi amezeeka lakini ananyooka vizuri. Mkewe alinipa maji, kisha wali na samaki wadogo, na tulipomaliza kula mzee aliuliza ni kitu gani nimekifunga kwa uangalifu namna ile. Nikakifungua. Aliishika picha mbali kidogo na macho, akamwombea marehemu kwa sauti ya chini, halafu akanirudishia.

"Maman Divine, huyu haiko Anselimu," alisema. "Hii ni ugonjwa yake."

Akaniuliza kama ninayo picha yake akiwa mzima. Nikasema nina za simu. Akasema hasemi za simu, anasema ya mkono. Nikagundua kwamba katika bahasha zote zile sikuwahi kumchora Anselimu akiwa amesimama.

Hapakuwa na karatasi nyumbani. Mkewe alileta mfuko wa saruji mtupu, tukaukata tukaukung'uta, na ndani ulikuwa na tabaka safi la karatasi ya kahawia. Nilichukua mkaa jikoni. Mzee Saidi alikaa ubavuni kwangu akawa ananikumbusha. Alisema Anselimu alipanda ngazi akitanguliza mguu wa kushoto. Alivaa kofia ya kazini kinyumenyume. Bisibisi aliishika kwa meno. Kila nilipokosea alisema hapana, na nilipopatia alinyamaza. Baada ya muda mume wangu alikuwa juu ya ngazi, amenigeuzia mgongo, shingo nene, anatengeneza waya za nyumba ya jirani siku ya mapumziko. Picha ile haikunitoa chozi lolote. Nilihisi njaa tena, ingawa nilikuwa nimetoka kula. Mzee aliomba abaki nayo, nikamwachia, naye akaipachika juu ya redio.

Nililala kwao. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilipanda gari la kurudi juu, na kwenye njia panda ya Gitambi nikashuka.

Gitambi ni mashamba tu na hewa nyepesi. Kutoka barabarani nilitembea karibu saa nzima kati ya mihogo, kahawa na maharage yaliyokwisha vunwa. Watu walinisalimu kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kwa sababu wengi wa kilima kile walikulia huko kama sisi. Verediana alikuwa uani anapepeta maharage. Ana miaka sitini na minane, ni mdogo wa mwili, na mikono yake ni mikubwa kama ya kaka yake. Aliponiona aliweka ungo chini, akanikumbatia na hakuniuliza kwa nini sipokei simu. Aliniletea kiti na maziwa. Alisema nimekonda. Kisha akawaambia wajukuu kwamba huyu ndiye aliyekaa na babu yao mpaka mwisho.

Niliona kwamba nikikubali kulala mle ndani na sentensi ile, sitaitoa tena. Nikasubiri wajukuu waende kuchota maji. Nikafungua kitenge, nikaegemeza picha ukutani, pale pale uani, kwenye mwanga.

Verediana aliinama akaitazama. Aligusa hewa mbele ya uso wa kaka yake bila kugusa rangi.

"Hii kiti ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu."

"Na weye uko wapi?"

Nilimwambia. Nilitumia maneno machache kuliko niliyomwambia Odeta. Nilimwambia nilikuwa nje, kwenye bustani, na kwamba niliogopa kurudi, na kwamba niliporudi alikuwa ameshakwenda. Nilimwambia sikumshika mkono na nilimdanganya siku ya mazishi, na nikaomba msamaha. Aliuliza nilitoka saa ngapi. Nikasema saa nane. Aliuliza nilirudi saa ngapi. Nikasema. Aliuliza kama kulikuwa na mtu chumbani, nikajibu kulikuwa na wagonjwa wengine, na labda nesi alipita.

"Ile nilibaambia bantu bote ya kikundi ya sala," alisema. "Miaka mbili niko nabaambia."

Aliokota ungo wake akaenda nyuma ya nyumba, walipo mbuzi. Nilikaa uani peke yangu. Nilisikia akikata majani, akimsemesha mbuzi mmoja kwa ukali, akimwaga maji. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nikitembea haraka ningeweza kufika barabarani kabla ya saa kumi na kupata gari la Kamembe, na nilikuwa nimeshafunga picha, ndipo aliporudi. Aliketi chini, mgongo ukutani, pembeni yangu.

Alisema kwamba asubuhi ya siku moja kabla ya kifo Anselimu alimpigia simu. Sauti ilikuwa ndogo sana. Alimwomba aje Kigali. Naye alimjibu kwamba atakuja wakimaliza kuvuna, zimebaki siku tatu. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu simu ile. Kila aliponishukuru, alisema, alikuwa anajituliza kwamba hata kama yeye hakuwepo, mwingine alikuwepo.

"Fungua tena," alisema.

Nikafungua. Alionyesha kiti kwa kidole.

"Weka muntu hapa."

Nilimjibu kwamba sitajiweka mimi, kwa kuwa itakuwa uongo mara ya pili.

"Sikusema weye. Niweke miye."

"Lakini na weye hukukuwako, dada."

"Kila muntu ya hii kilima anajua sikukuwako. Hakuna mwenye atadanganyika. Ile ni kile nilitaka, na hakuna mahali ingine naweza kukiweka."

Asubuhi ya pili nilifungua kopo la biskuti. Nilitegemea angevaa mushanana, vazi lake la kanisani, lakini alitoka na gauni la shamba, lenye udongo kwenye pindo, na kitambaa kichwani. Alisema siku ile ya simu ndivyo alivyovaa, na kama angeondoka mara tu baada ya simu asingepata muda wa kubadilisha. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akainama mbele kidogo, mkono mmoja akiunyoosha hewani kuelekea kitanda ambacho hakikuwepo. Nikamwambia atachoka. Akajibu kwamba amezoea kuinama.

Halafu akaanza kuongea na kaka yake kwa Kinyarwanda, polepole, macho yakiwa kwenye mkono wake. Alimweleza mavuno yalivyokuwa. Alimweleza nani kaolewa na nani kahama. Alimwambia kwamba alimkasirikia kwa kupiga simu wakati wa maharage, na sasa hamkasirikii tena. Mimi nilichora. Nilichora udongo wa pindo, mishipa ya mkono, kisigino kilichopasuka. Hakuna siku katika maisha yangu niliyotazama mtu kwa uangalifu namna ile, hata Anselimu mwenyewe. Siku ya kwanza nilimaliza mwili. Siku ya pili nilimaliza mkono na uso, na vidole vyake nikaviweka juu ya vidole vya Anselimu. Hapo ilinibidi nitoke nje ya ua kidogo. Nilirudi mwenyewe, bila kuitwa, nikamaliza.

Verediana aliitazama picha akasema pua yake si kubwa hivyo. Nikaipunguza. Aliitundika chumbani kwake, siyo sebuleni, akasema wanaokuja kusali hawahitaji kuiona, yeye ndiye anayehitaji. Kuhusu yale aliyowaambia watu wa kikundi cha sala, alisema atayarekebisha mwenyewe, kwa wakati wake, na kwamba hilo si kazi yangu. Sikuomba msamaha zaidi ya nilivyokuwa nimeomba, naye hakutamka neno hilo. Tulipoagana barabarani alinipa kikapu cha maharage na kuniambia niwe napokea simu.

Kamembe, siku mbili baadaye, nilipanda basi la saa moja asubuhi. Odeta alinipa brashi moja, ile iliyokuwa imezoea mkono wangu, na kuahidi kwamba karani wa parokia atanichorea mlango mwingine. Niliketi upande wa pili wa basi, kwa hiyo ziwa lilibaki kwangu kwa muda mrefu zaidi. Ndani ya Nyungwe kulikuwa na ukungu, na sikuweza kuona zaidi ya miti ya kwanza. Nililala usingizi mzito mpaka Huye, kitu ambacho hakikuwa kimetokea siku nyingi.

Nikiandika haya ni mwezi mzima tangu nirudi. Wapo watakaouliza kama kuchora kunaponya, kwa sababu hata Divine aliniuliza. Naweza kusema yale niliyoyaona tu. Usingizi umekuwa bora, ingawa si kila siku. Huzuni haijaondoka, na sidhani kwamba itaondoka. Nilichojifunza ni kidogo kuliko nilivyotarajia. Kile nilichokuwa nimekificha kilikuwa hakina umbo, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniuliza habari zake. Kilipokuwa juu ya ubao, mtu alikitazama akauliza swali la kawaida kabisa, na nikajibu. Pia nimejifunza kwamba mtu anaweza kuanza tena kazi aliyoiacha miaka mingi akiwa mbaya kuliko alipoiacha, na isimzuie. Nachora kila Jumamosi. Nyingi zinaharibika.

Jumamosi iliyopita Divine alikuja kunisaidia kuanua nguo. Yeye pia alikuwa ameambiwa kwamba nilimshika baba yake mkono. Nilimweleza yote tukiwa tunakunja mashuka, yeye ameshika ncha mbili na mimi mbili, na sikuhitaji picha yoyote. Haikuchukua hata dakika kumi. Kisha akaja hadi kwangu, kama inavyotakiwa unapokunja, tukaunganisha ncha.

"Mle bustanini kulikuwa na nini, maman?" aliuliza.

Nikamwambia kulikuwa na maua mekundu, marefu, na mtu mmoja alikuwa akiyamwagilia maji.